Mbuzi Imewekwa Uvunguni, Sinia Limebaki Pale Pale

Katika ada zetu za pwani, mwili wa mwanamke husomwa kama cheti cha nyumba yake. Akinenepa baada ya harusi, wazee hutikisa vichwa kwa furaha na kusema, mashaallah, amenawiri, mume anamtunza. Akibaki mwembamba, minong'ono huanza: huenda hali akashiba, huenda mume ana mkono mzito, huenda mna jambo ndani ya nyumba ile. Nasi wenyewe tumeyasema maneno haya, tena si mara moja, tukiwa tumekaa mkekani katika shughuli za wenzetu. Hatukukusudia ubaya.

Mwaka jana dada mmoja wa mtaa wetu, mama wa watoto wanne, alijikwaa ngazini akaumia kidole cha mguu. Kidonda kilikawia kupona. Wiki ya tatu alipokwenda kutibiwa alipimwa damu, akaambiwa ana maradhi ya sukari, na kwamba presha nayo imepanda. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta akilia. Tulidhani analilia maradhi, kumbe sivyo. "Nitapikaje vyungu viwili?" ndilo neno lililokuwa likimliza. Mume hapendi wali usiokolea tui, mama mkwe hanywi chai isiyokuwa na sukari ya kutosha, na watoto wamezoea viazi vya kukaanga. Yeye aliyeamriwa abadili chakula ndiye mpishi wa watu saba, na aliona haya kuwaambia.

Swali lake ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Unene wa kupita kiasi huzungumzwa kana kwamba ni uroho wa mtu mmoja, ilhali chungu ni cha nyumba nzima, na saa za mama nazo ni za nyumba nzima.

Jambo hili si la mtaa mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa nchini Kenya mwanamke mmoja katika kila watatu wa umri wa kuzaa alikuwa na uzani uliopita kiasi. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2022 ulikuta hali imezidi, na wanaume wakiwa nyuma sana ya wanawake katika hesabu hiyo. Waganga hupima kwa njia nyepesi: uzani wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.58 hupata 32. Kuanzia 25 ni uzani uliozidi, na kuanzia 30 ndio unene wa kupita kiasi. Asiyekuwa na mizani nyumbani achukue utepe wa fundi cherehani, ajipime kiuno. Mwanamke akipita sentimita 88, hatari ya sukari, presha na maradhi ya moyo huwa imepanda sana, kwa sababu mafuta ya tumboni hukaa karibu na ini na viungo vya ndani na kuudhoofisha utendaji wa insulini, ile homoni inayoingiza sukari katika chembe za mwili.

Tujiulize, basi: mama zetu hawakula wali wa nazi? Walikula, na mahamri walikula, na harusini sinia la biriani halikurudi na punje. Lakini mkumbukeni mama aliyetaka tui. Alifua nazi, akaipasua, akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili au tatu, kisha akachuja kwa kifumbu kwa nguvu za mikono yake. Maji aliyateka kisimani. Nafaka aliitwanga kinuni. Alifua kwa mikono, akafagia uwanja akiwa ameinama, na alipotaka kumjulia hali shangaziye alikwenda kwa miguu. Leo tui limo katika pakiti, au mashine ya kusagia hulimaliza kwa dakika mbili. Maji yako bombani, au huletwa mlangoni kwa mkokoteni. Tuktuk inasimama kizingitini, na mtoto hupandishwa humo kupelekwa madrasa iliyo mitaa miwili tu kutoka nyumbani. Mbuzi imewekwa uvunguni. Sinia limebaki pale pale, na pengine limeongezwa chipsi na soda ya chupa kubwa.

Hatusemi turudi kinuni. Anayetamani kinu aghalabu ni yule ambaye hakuwahi kushika mchi. Tunachosema ni kwamba kazi ile ilikuwa ikila sehemu ya kile kilicholiwa, na ilipoondoka hatukuweka kitu mahali pake.

Tuangalie na chungu chenyewe. Mbaazi za nazi tusizilaumu. Mbaazi ni chakula chema, zina protini na nyuzinyuzi zinazoshibisha. Taabu ni mahamri manne yaliyozama katika mafuta, na chai inayoyasindikiza. Mwenye kunywa vikombe vitano kwa siku na kutia vijiko vitatu vya chai katika kila kimoja amekunywa vijiko 15 vya sukari. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipite kama vijiko 12 kwa siku kutoka kila upande, na akibaki kwenye sita ni bora zaidi. Mafuta nayo huingia bila hesabu, kwa kuwa humiminwa kutoka kwenye dumu na jicho ndilo kipimo. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina takriban kalori 120, karibu sawa na zile anazotumia mtu wa kilo 70 kutembea kwa haraka nusu saa. Vijiko vitatu vya ziada hutiririka kabla kitunguu hakijawa chekundu.

Kisha kuna kula ambako mama hakuhesabu kuwa ni kula. Huonja mchuzi, huonja tena, hula vipande vya bhajia vilivyovunjika, na watoto wakiinuka humaliza makombo yao ili neema isitupwe. Hapa tunapenda kusimama kidogo, kwa kuwa nia ni njema: anaogopa israfu. Lakini chakula kilichotiwa katika tumbo lililokwisha kushiba kimepotea vilevile, tena kimeacha madhara. Dawa ya makombo ni kupakua kidogo, na atakaye aongezewe.

Zipo nyakati mbili ambazo uzani hupanda haraka majumbani mwetu. Wa kwanza ni arobaini ya uzazi. Mzazi hupewa uji wa pilipili manga, supu ya kuku na samli, akalazwa na kukandwa, na hayo ni mapenzi makubwa ambayo wanawake wa mahali pengine hawayapati. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, takriban kalori 500 juu ya kawaida yake. Tatizo ni kwamba siku ya arobaini na moja mkaja hufunguliwa na mkandaji huenda zake, lakini sahani ile kubwa haiondoki, na uzazi wa pili hukuta uzani wa uzazi wa kwanza bado upo.

Wakati wa pili, twasema kwa haya, ni Ramadhani. Mchana tumefunga, magharibi huandaliwa sambusa, viazi karai, kaimati zilizochovywa katika shira, tambi, mihogo ya nazi na maji matamu ya rangi tatu. Ikifika Idi nguo iliyoshonwa Shaabani haifungiki. Na mama aliyeshinda jikoni tangu alasiri akikaanga, mara nyingi huwa amechoka hata nguvu za tarawehe hana. Mwenye maradhi ya sukari, na hasa anayetumia dawa au sindano, aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, asijipangie mwenyewe.

Bwana Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Mafundisho haya husomwa mno mimbarini. Kisa kisichosomwa sana ni cha Bi. Aisha (R.A.), alichokisimulia mwenyewe na kikapokewa na Abu Daud: kwamba walikuwa safarini, wakashindana mbio yeye na Mtume, akamshinda, kisha baadaye, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena, naye Mtume akashinda na kumtania kuwa hii ni kwa ile. Katika riwaya nyingine Mtume aliwaambia watu watangulie kwanza. Tukitafakari kisa hiki twaona mke anayekimbia, mume anayekimbia naye, na mume yule yule akimwekea faragha ili akimbie. Mazoezi ya mwanamke si jambo la kuletwa na runinga.

Kwa dada yetu wa kidonda, jambo gumu halikuwa hamri wala soda. Lilikuwa saa moja ya siku. Alfajiri anaandaa watoto, mchana anapika, alasiri kuna madrasa na wageni, usiku amekwisha. Na mahali je? Kutembea peke yake barabarani bila kikapu wala shughuli kulimtia haya, akidhani kila jicho linamuuliza anakwenda wapi. Tukaamua tuende naye. Tulianza watano, baada ya sala ya alfajiri, tukiwa na mabuibui yetu na viatu vya raba, tukishika njia ya ufukweni hadi bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019 na ambako upepo wa asubuhi hauna bei. Nusu saa, siku tano kwa wiki, ndizo dakika 150 zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mwendo ni ule unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Siku za mvua kila mmoja hupanda na kushuka ngazi za ghorofa yake, na mmoja wetu mwenye magoti mabovu huzunguka juu ya dari ya nyumba.

Wiki ya kwanza haikuwa nzuri. Mume wa mmoja wetu alilalamika kwamba chai haikuwa tayari, na huyo akakosa siku tatu. Hatukumlaumu yeye. Tulimtuma mzee wa mtaa akazungumze na mumewe.

Ama suala la vyungu viwili, jibu lilitoka kwa mama mkwe, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema yeye mwenyewe ana presha miaka kumi, na chungu kiwe kimoja. Tui zito likawa la siku ya Ijumaa. Siku nyingine ni tui la pili, au wali mtupu. Mafuta yakapimwa kwa kijiko. Mchicha, mabamia na biringani vikajaza nusu ya sahani, wali ukachukua robo, samaki wa kuchoma au kunde robo iliyobaki. Sukari ya chai ikapunguzwa nusu kijiko kila wiki, na watoto hawakutambua mpaka walipokunywa chai ya jirani wakasema ni tamu mno. Soda ikawa ya Idi na harusi. Dawa za hospitali hakuziacha hata siku moja, wala hakugusa vile vikopo vya kukondesha vinavyouzwa kwa maneno matamu, ambavyo mnunuzi hajui kilichomo.

Utafiti uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2002 uliwachukua watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa maradhi ya sukari. Waliosaidiwa kupunguza kiasi cha asilimia saba ya uzani wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, na dawa ya metformin ilipunguza kwa 31. Asilimia saba kwa mwenye kilo 80 si hata kilo sita. Twalitaja hili kwa ajili ya mabinti na wadogo zetu ambao bado hawajaumia vidole.

Dada yetu amepungua kilo saba kwa miezi minane, na kidonda kimefunga. Mwezi uliopita tulikuwa naye harusini. Shangazi mmoja alimshika mkono, akamtazama juu hadi chini, akamuuliza kwa huruma mbona amekonda hivi, mume ana nini siku hizi? Akamjibu kwamba mume hana neno, ila tu alfajiri ndiye anayechemsha chai.