Mwanafunzi Aliyejifungua Ana Miaka Miwili ya Kurejea Shuleni

Tangu Novemba 24, 2021, Serikali imeruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea katika mfumo rasmi wa elimu baada ya kujifungua. Kabla ya hapo msichana huyo alifukuzwa shule, na kusoma nje ya mfumo rasmi ndiko kulikobaki.

Jambo ambalo familia nyingi hulisahau ni muda. Kurejea kunatakiwa kufanyika ndani ya miaka miwili tangu mwanafunzi alipoacha masomo, hivyo mzazi anayengoja mjukuu aanze kutembea na kuzungumza anaweza kukuta muda umekwisha. Aliyechelewa bado anaweza kusoma sekondari kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Ada si kikwazo, kwani elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada tangu mwaka 2016. Kikwazo, kwa kweli, kipo nyumbani: nani atabaki na mtoto mchanga saa za masomo? Mara nyingi ni bibi yake, naye ana shamba la kulima. Suala hilo lizungumzwe mapema, kabla mzazi hajamwona mkuu wa shule.