Kweli au Si Kweli: Shingo ya Ganda la Risasi

Mwaka 1905 Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, alibuni risasi ya 9.3x62 kwa ajili ya wakulima na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani Afrika. Watu wa namna hiyo ndio waliokuja kulima kahawa Oldeani, huko Karatu, chini ya mlima wa mianzi, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hiyo 62 ni urefu wa ganda kwa milimita. Urefu umo ndani ya jina lenyewe, na bado wapo wanaoupuuza.

“Shaba hairefuki.” Si kweli. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka. Likirudishwa kwenye kalibu ili litumike tena, shaba husukumwa kuelekea shingoni, na ganda hurefuka kidogo kila mara.

“Ganda refu huziba vizuri zaidi.” Si kweli, na kosa hili linaweza kuumiza mtu. Chemba ya bunduki ina mwisho wake. Mdomo wa ganda ukigota hapo, hubanwa na kuking’ang’ania kichwa cha risasi. Baruti ikishawaka haisubiri: kichwa kikichelewa kutoka, shinikizo hupanda kupita kiasi ambacho bunduki iliundiwa. Ndiyo maana ganda hupimwa, likizidi hukatwa, kisha mdomo husuguliwa makali yaishe. Shabaha hufaidika pia, maana shingo zote hulingana, lakini usalama ndio wa kwanza.

“Shingo ikibana chemba, hukosi.” Nusu kweli. Walenga shabaha wa mashindano Marekani huchonga shingo za maganda mpaka nafasi ibaki sehemu chache tu za mia za milimita. Wao hupiga wakiwa mezani, na kila ganda limepimwa. Bunduki ya kuwindia inayopita kwenye vumbi la Karatu inahitaji nafasi zaidi, kwa sababu shingo isipopata pa kutanukia haikiachii kichwa.

“Risasi zangu naruhusiwa kujijazia nyumbani.” Si kweli bila leseni: sheria ya Tanzania ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inahusu utengenezaji pia.

“Nafasi ya shingo haipimiki bila mashine.” Si kweli. Chukua ganda tupu lililotoka kufyatuliwa kwenye bunduki yako, mdomo wake ukiwa haujabonyea, utumbukize kichwa kipya cha risasi. Kikiteleza chenyewe, nafasi ipo. Kikikwama, usiifyatue tena bunduki hiyo mpaka fundi mwenye leseni aipime chemba.