Tuangalie meno ya mbwa wetu mbele ya kuoza



Mara nyingi tunaongea juu ya mbuzi, kuku na sungura, lakini mbwa tunamusahau. Na yeye njo analala inje usiku ili mbuzi zisiibiwe, njo anafukuza makako katika shamba la mahindi. Mbwa mwenye meno mabaya anakula vibaya, anakonda, na ulinzi unapunguka. Tena iko sababu ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza: kwa macho, shida ya kinywa na kichaa cha mbwa, ule ugonjwa wengi wetu tunaita raje, vinaweza kufanana. Kwa hiyo tutaeleza namna ya kutunza meno nyumbani, kazi ya veterineri, na wakati ambapo haupashwe kugusa kinywa cha mbwa hata kidogo.

Meno yanaharibika namna gani?

Mbwa mukubwa iko na meno 42. Mutoto wa mbwa iko na 28, na yale anayabadilisha kati ya miezi 4 na 7. Kila siku utando laini unashika juu ya meno: njo ukoga. Ukiwa ungali laini, kitambaa tu kinauondoa. Ukiachwa siku chache, unakuwa mugumu kama jiwe, wenye rangi ya manjano ao kahawia, na hapo kitambaa hakiwezi tena.

Chini ya lile jiwe vijidudu vinaingia katika fizi. Fizi inavimba, inatoka damu, kisha mufupa unaoshika jino unalika kidogo kidogo mpaka jino linalegea. Watu wengi wanafikiri mbwa anaoza meno sawa mutoto anayependa sukari. Hapana. Kwa mbwa, mara nyingi ugonjwa unaanzia katika fizi, na wengi wanaonyesha alama zake wakifikia miaka 3. Mbwa hasemi kama anaumwa. Ataendelea kula upande mumoja mpaka ashindwe kabisa.

Kazi ya nyumbani

Anza mbwa akiwa angali mutoto. Mutu ambaye anamujua vizuri amuguse mudomo kila siku kidogo, ainue tu ngozi ya mudomo kwa upande. Hakuna lazima ya kufungua kinywa.

Akizoea, funga kitambaa safi kwenye kidole, ukiloweshe na maji safi, kisha sugua meno kwa upande wa inje, zaidi chonge na magego ya juu. Burosi laini ya mutoto inafaa pia, lakini ikiwa ya mbwa isirudi tena kwa watu. Kila siku ni vizuri zaidi. Mwenye kukosa nafasi afanye hata mara tatu kwa juma. Kiisha kazi, nawa mikono na sabuni.

Usitumie dawa ya meno ya watu. Mbwa hajui kutema, anameza yote, na dawa zingine ziko na sukari ya bandia inayoitwa ksilitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Chumvi, muchanga na majivu pia tuviache. Maji na kitambaa vinatosha.

Tuangalie na mifupa. Mufupa uliopikwa, zaidi wa kuku, unapasuka vipande vyenye ncha na unaweza kukwama kinywani ao kutoboa tumbo. Mufupa mugumu wa muguu wa ngombe unavunja jino. Bukari pamoja na sambaza ni chakula kizuri kuliko mifupa tunayotupa.

Mara moja kwa juma, chagua siku na uangalie mambo haya:
– harufu mbaya kuliko kawaida;
– fizi nyekundu sana ao yenye kutoka damu;
– jino lenye kuvunjika, kulegea, ao kufunikwa na jiwe la kahawia;
– uvimbe chini ya jicho: mara nyingi ni usaha kwenye muzizi wa gego la juu;
– jino la utoto lililobaki kando ya jino jipya wakati mbwa amepita miezi 7.

Ukiona moja kati ya hayo, usingoje jino lianguke lenyewe.

Kazi ya veterineri

Kuondoa jiwe vizuri, hata lile lililo chini ya fizi, kunaomba mbwa alazwe kwa dawa ya usingizi na vyombo vya kazi ile. Veterineri wengi wa vijijini hawana vyombo vyote. Lakini wanaweza kupima, kutoa dawa ya maumivu inayofaa mbwa, na kukuambia kama jino lingolewe na wapi. Uliza bei mbele ya kazi kuanza. Koperative inaweza kupunguza gharama: siku veterineri anakuja kuchanja mbuzi, kila memba alete na mbwa wake, na pesa za safari zigawanywe.

Usingoe jino na pensi nyumbani: muzizi unaweza kuvunjika ndani, na mbwa mwenye maumivu anauma hata mwenye kumulisha. Usimupe ibuprofene wala diklofenake. Zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Paracetamol pia usimupe bila veterineri kupima kiasi. Na antibiotike peke yake haiondoi jiwe kwenye meno.

Wakati wa kutogusa

Hapa tunaomba kila mutu asome vizuri, na awasomee wasiojua kusoma.

Mbwa anatoka mate mengi, taya linalegea, hawezi kumeza. Wengi wanasema: mufupa umekwama, na wanaingiza mukono kuutoa. Inaweza kuwa mufupa kweli. Lakini raje inaonekana vilevile, kwa sababu inalegeza taya na koo. Mate yale njo yanaleta ugonjwa, hata bila kuumwa, yakigusa kidonda kidogo kwenye kidole. Na mutu akisha kuonyesha alama za raje, karibu kila mara anakufa.

Kwa macho hautaweza kutofautisha. Basi fanya hivi: usiweke mukono. Fukuza watoto mbali, fungia mbwa peke yake kama inawezekana bila kumugusa, na uite veterineri. Umueleze kama mbwa alichanjwa, kama tabia ao sauti yake imebadilika, na kama aliumana na mbwa mwingine katika miezi iliyopita. Mwenye kuangalia kinywa cha mbwa wake kila juma atajibu vizuri, maana anajua meno yalikuwa namna gani juma lililopita.

Mutu akiumwa ao mate yakimugusa kwenye kidonda, aoshe pale na maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona mbwa atakuwa namna gani. Mbwa asiuawe haraka kama anaweza kufungiwa: veterineri atamufuata siku 10.

Tunapendekeza kwa mukutano ujao wa kila koperative: muandike mbwa wote wa wanamemba, na tarehe ya chanjo ya kila mumoja. Chanjo ya kwanza inatolewa kwa miezi 3, kisha inarudiliwa kwa muda veterineri anaoonyesha. Mbwa asiyekuwa na tarehe kwenye orodha, achanjwe kwanza. Kitambaa cha meno kitafuata.