Lakabu Haitukani

Kila matusi yanapochacha mitandaoni, husikika rai ile ile: kila aandikaye na alazimishwe kutaja jina lake halisi. Wanafunzi wangu wengi huiunga mkono. Mimi siiungi, na sababu yangu ya kwanza ni ya lugha.

Ushairi wa Kiswahili magazetini umejaa lakabu tangu zamani. Malenga hujibizana na kurushiana vijembe, na msomaji wa mbali asijue ni nani hasa wanaopimana nguvu. Lakini atakaye kumkejeli mwenziwe kwa tarbia hana budi kuipanga ghadhabu yake katika mizani 16 kwa kila mshororo, atafute vina vya kati na vya mwisho, kisha apite mbele ya mhariri. Nusu ya ghadhabu huishia njiani. (Wapo ambao makali yao huzidi kwa kubanwa hivyo, lakini makali na matusi ni vitu viwili.) Kanga nayo ina hila yake: mvaaji aonekana, maneno hayana mwenyewe, jirani akihoji, ataambiwa ni nguo tu ya dukani. Fumbo humwachia anayesemwa nafasi ya kujifanya hakusikia.

Mtandao umeiondoa kazi hiyo yote iliyokuwa kati ya hasira na neno. Kurudisha majina hakuirudishi.

Korea Kusini ilijaribu. Mwaka 2007 sheria ilizitaka tovuti kubwa zithibitishe utambulisho wa waandishi. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti mbili za huko, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo. Hapa Kenya tulianza kusajili kadi za simu mwaka 2010, baada ya jumbe za chuki zilizosambazwa wakati wa ghasia za 2007 na 2008. Je, ni wangapi leo wanaotukana makabila ya wenzao kwa majina kamili, na picha zao juu yake?

Na mwanafunzi anayenyanyaswa na mwalimu wake? Na karani aliyeona karo ikifujwa? Hao wakinyimwa lakabu hawatasema kwa adabu zaidi, watanyamaza.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kulijaribu jambo hili darasani: wanafunzi wajibizane kwa tarbia, kila mmoja na lakabu yake, juu ya jambo wanaloligombania kweli, tuseme chakula cha bwenini. Atakayeshindwa na vina asubiri wiki ijayo.