Patisheni Ikipotea, Data Bado Ipo

Kericho na Bomet ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Alasiri wingu hupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria, majani ya chai yanachanika, umeme nao unakatika. Ukikatika wakati fundi anapanga upya patisheni, yaani migawanyo ya diski, katika ofisi ndogo ya Litein au Mogogosiek, kompyuta inaweza kuwaka na kudai kwamba diski ni tupu. Humo mlikuwa na kilo za chai za kila mkulima, na kilo ndizo malipo ya mwezi na bonasi.

Dai hilo lisiaminiwe. Katika diski za mtindo wa zamani, mipaka ya patisheni huandikwa kwenye sekta ya kwanza yenye baiti 512, na jedwali lenyewe huchukua baiti 64 tu: nafasi nne za baiti 16 kila moja. Ramani ya shamba ikiungua, michai haing'oki. Mtindo mpya, GPT, huweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski.

Hata nakala ikikosekana, patisheni hujitambulisha yenyewe. Ext4, mfumo wa faili uliozoeleka kwenye Linux, huanza na rekodi yenye alama EF53 na idadi ya bloku zake, na nakala za rekodi hiyo hutawanywa ndani zaidi. TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, huisaka alama hiyo diski nzima. Ikiipata, hujua patisheni ilianzia wapi na ikaishia wapi.

Kinachoua data ni haraka. Mtu huona diski tupu, akakubali kuifomati. Kwenye SSD hilo ni baya mno, kwa kuwa amri ya kuunda ext4 kwa kawaida huiarifu diski kwamba nafasi yote ni huru, na diski ikaanza kuifuta. Basi usiandike chochote. Nakili kwanza diski nzima kwa programu ya ddrescue kwenye diski nyingine, kisha iachie TestDisk hiyo nakala. Kabla ya kuandika jedwali jipya, iambie ikuorodheshee faili. Majina ya faili za wakulima yakionekana, mipaka ni sahihi.

Na leo, diski ikiwa bado nzima, amri ya sfdisk -d itakupa jedwali lote katika mistari michache ya maandishi. Ichapishe, uiweke kwenye faili la karatasi kabatini.