Mlevi wa Kila Siku Asikatizwe Pombe Ghafla Nyumbani

Jamaa wengi, wakichoshwa na ndugu anayelewa kila siku, humfungia chumbani siku kadhaa ili "pombe imtoke". Nia ni njema, lakini kwa mtu ambaye mwili wake umeshategemea pombe, hatua hiyo inaweza kumuua.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ubongo wa anayekunywa kila siku hujizoesha hali hiyo kwa kujisukuma zaidi, na pombe ikiondolewa kwa ghafla, msukumo ule hubaki bila breki. Kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho, mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio na usingizi hupotea. Kifafa kikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huanza kuweweseka: joto la mwili hupanda, hawajui walipo, wanaona wadudu ukutani. Majirani husema amerogwa. Huo ni ugonjwa wa dharura, na mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Aliyewahi kupatwa na kifafa au kuweweseka alipoacha pombe hapo awali yumo hatarini zaidi mara inayofuata.

Madhara mengine huja polepole. Ini hujaa mafuta kwanza, na hatua hiyo hurekebika mtu akiacha kunywa kwa wiki kadhaa. Akiendelea, ini linaweza kupata makovu yasiyofutika, tumbo likajaa maji na macho yakawa ya manjano. Pombe huongeza shinikizo la damu na hatari ya saratani ya koo, ini na matiti. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi husahau vipimo vyake, na ini lake hubeba mzigo maradufu. Kwa mama mjamzito, hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Pombe haramu ina hatari yake ya ziada. Mnamo Mei 2014, zaidi ya watu 80 walikufa katika kaunti kadhaa nchini baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Sumu hii hujificha: mnywaji anaweza kulala na kuamka akidhani ni uchovu wa kawaida, kisha macho yakaanza kuona ukungu. Anayeona ukungu baada ya kunywa asingoje kupumzika.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha uraibu. Mhudumu wa afya huuliza maswali, na dodoso linalotumika sana ni AUDIT, lililotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10: mtu hunywa mara ngapi, huhitaji pombe asubuhi ili aanze siku, kuna jamaa aliyewahi kumwambia apunguze? Alama ya juu kabisa ni 40. Kuanzia 8, unywaji huhesabiwa kuwa wa hatari. Kuanzia 20, huenda ni uraibu na uchunguzi zaidi unahitajika. Majibu ya uongo humpa mgonjwa matibabu yasiyomfaa, kwa hiyo aseme kweli, ikiwemo chang'aa na busaa.

Matibabu huanza kwa kuuondolea mwili pombe kwa utaratibu. Daktari hutoa dawa ya kutuliza, kwa kawaida ya jamii ya diazepamu, na kuipunguza siku baada ya siku. Mgonjwa hupewa pia vitamini B1, kwa sababu upungufu wake unaweza kuharibu kumbukumbu kabisa. Baadaye zipo dawa za kupunguza hamu, kama naltreksoni, na disulfiramu ambayo humfanya mtu augue vibaya akinywa. Wapo wanaomtilia mume disulfiramu kwenye chai bila yeye kujua. Wasifanye hivyo, akinywa pombe juu yake, moyo unaweza kushindwa.

Dawa peke yake haitoshi, na Eldoret yenyewe imetoa ushahidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 75 wa kliniki za AMPATH waliokuwa wakinywa pombe waligawanywa. Kundi moja lilipata vikao 6 vya ushauri wa pamoja, vikiongozwa na watu wa hapa hapa wasio madaktari waliopewa mafunzo. Baada ya siku 90, asilimia 69 ya kundi hilo walikuwa hawanywi, ikilinganishwa na asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kupitia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Wanaohitaji uangalizi wa karibu hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo, na jamaa wanaweza kuipiga hata kabla mgonjwa hajakubali tiba. Anayekwenda hospitali abebe dawa zote anazotumia na aeleze saa aliyokunywa mara ya mwisho. Akisubiri siku ya miadi huku akinywa kila siku, asiache ghafla peke yake. Amwulize mhudumu jinsi ya kupunguza.