Je, Wajua? Mzigo uleule unaweza kuwa salama au hatari

Kinachoamua ni umbali wake kutoka mwilini.

Fomula ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ya mwaka 1991, huanzia kilo 23. Hizo ni za mzigo wenye mshiko mzuri, ulio kimo cha meza, sentimita 25 kutoka vifundo vya miguu. Umbali ukifika sentimita 50, kikomo hushuka hadi kilo 11.5. Ukipita sentimita 63, jibu ni sifuri: usiinue.

• Asubuhi wewe ni mrefu kidogo kuliko jioni. Usiku, diski za uti wa mgongo hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana saa ya kwanza baada ya kuamka si ya kuinamia mizigo.

• Kiini cha diski hakina mishipa ya fahamu. Kinaweza kuanza kuchakaa usisikie maumivu yoyote.

• Mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Gunia la viazi la lumbesa, lenye kilemba juu, aghalabu hupita kilo 100, na kuli hulibeba peke yake.